Mtumbwi na kijumba cha mbao msimu wa majani kupukutika: kifurushi kipi kinaifaa familia?

Vifurushi vya mtumbwi na kijumba cha mbao vyote huuzwa kwa picha moja: ziwa limetulia, miti ng'ambo imegeuka nyekundu na manjano, mtumbwi umefungwa kwenye gati. Picha hiyo si ya uongo, ila imepigwa saa moja asubuhi siku isiyo na upepo. Familia inayolipia siku tatu au nne itapata saa chache za namna hiyo. Zilizobaki ni upepo, maji ya baridi, giza linaloingia mapema na jiko la kuni linalotoa moshi kuliko moto. Kwa hiyo tumevipima vifurushi hivi kwa zile saa ambazo hazimo pichani.

Sokoni kuna aina tatu. Ya kwanza ni kijumba kilichopo ufukweni mwa ziwa, na mtumbwi uko palepale ukikungoja. Ya pili unakodi kijumba mahali pamoja na mtumbwi kwingine, kisha unaupakia juu ya gari. Ya tatu ni safari ya kuhama kwa maji, leo mnalala kijumba hiki, kesho kile. Kwa familia yenye watoto chini ya miaka 12, ya kwanza inazishinda nyingine kwa mbali, na sababu yake ni upepo. Ukivuma siku nzima, wa aina ya kwanza wanakaa ndani, wanacheza karata na kutoka kesho yake. Wa aina ya tatu wana kijumba kilicholipiwa upande wa pili wa ziwa na watoto wanaotetemeka upande huu, na hapo ndipo watu wazima hufanya maamuzi ya kijinga. Aina ya tatu waachiwe wenye mitumbwi miwili, watu wazima wanne wanaojua kazi, na siku moja ya ziada isiyopangiwa chochote.

Aina ya pili ina faida yake: unachagua mtumbwi unaoutaka badala ya kupewa uliopo. Tutairudia.

Kuhusu tarehe

Kaskazini mwa dunia msimu huu ni mwishoni mwa Septemba hadi mapema Novemba; kusini ni Machi hadi Mei. Wengi hung'ang'ania wiki ya rangi kali kabisa, na ndiyo wiki ambayo bei hupanda na barabara hujaa. Rangi ya manjano imo ndani ya jani tangu mwanzo na huonekana klorofili inapovunjika. Nyekundu hutengenezwa wakati huohuo, na huwa kali zaidi mchana ukiwa na jua na usiku ukiwa na ubaridi usiofikia kuganda. Dhoruba moja ya usiku inaweza kuyaangusha majani yote, na hakuna mwenye kijumba anayeweza kukuhakikishia tarehe. Ushauri wetu: chukua Jumapili hadi Alhamisi badala ya wikendi, na usiumie kama ni wiki moja baada ya kilele. Mwanga hupita vizuri zaidi kwenye matawi yaliyopungua majani, na ziwa mnakuwa nalo peke yenu.

Kinachostahili kuhesabiwa kuliko rangi ni mwanga. Kwenye latitudo ya 45 hivi, katika wiki za katikati ya msimu, mchana hupungua kwa takriban dakika 3 kila siku, yaani kama dakika 20 kwa wiki. Ratiba iliyofaa wiki mbili zilizopita imeshapungukiwa na zaidi ya nusu saa. Katika nchi zinazorudisha saa nyuma mwishoni mwa Oktoba au mwanzoni mwa Novemba, jua huzama saa nzima mapema kwa saa ya ukutani, na kila mwaka kuna watu wanaokutwa na giza katikati ya ziwa kwa sababu hiyo tu.

Dirisha la kupiga makafi ni saa nne asubuhi hadi saa saba au nane mchana. Kabla ya hapo kuna ukungu, na gati lina umande ulioganda unaotelezesha vibaya. Baada ya hapo upepo huwa umeshapanda. Familia yenye watoto huenda kilomita 3 hadi 4 kwa saa maji yakiwa shwari. Upepo wa mbele hukata mwendo huo nusu au zaidi. Kilomita 8 kwa siku, kwenda na kurudi, zinatosha. Anayekuuzia "mzunguko rahisi wa kilomita 18" amezoea wateja wa Julai.

Maji ndiyo yanayoamua kila kitu

Ziwa linaweza kuwa na nyuzi 10 huku hewa ikiwa 18 na jua likiwaka, na familia ikavaa kulingana na jua. Hilo ndilo kosa kubwa la msimu huu. Maji huondoa joto mwilini mara 25 hivi kuliko hewa yenye ubaridi uleule. Profesa Gordon Giesbrecht wa Chuo Kikuu cha Manitoba, Kanada, ndiye aliyeieneza kanuni ya 1-10-1 kwa mtu aliyetumbukia kwenye maji ya baridi sana: dakika 1 ya kuidhibiti pumzi inayokwenda mbio, dakika 10 ambazo mikono na miguu bado inatii, na saa 1 kabla ya kupoteza fahamu kwa kushuka kwa joto la mwili. Watu wengi wanaokufa hawafiki kwenye ile saa. Hufa dakika ya kwanza kwa kuvuta maji, au ndani ya zile kumi kwa sababu mikono imekataa kufanya kazi nao hawana jaketi la kuokolea maisha.

Kwa sababu hiyo jaketi ndicho kitu cha kwanza cha kukagua, kabla hata ya mtumbwi. Wakodishaji wengi hutoa majaketi kwa saizi za watu wazima kisha huokota "ya watoto" kutoka kwenye rundo. Tuma uzito wa kila mtoto kwa kilo wakati wa kuweka nafasi, na udai kujibiwa kwa maandishi. Soma lebo ya ndani. Kwa viwango vya ISO 12402, alama ya 50 ni ya mtu anayejua kuogelea na mwenye msaada karibu. Kwa mtoto, au mtu asiyejua kuogelea, tafuta 100, ambayo imeundwa kumgeuza mtu uso juu. Jaketi la mtoto mdogo liwe na kola, mkono wa kunyakulia nyuma ya shingo, na mkanda unaopita katikati ya miguu. Usipokuwapo mkanda huo, mtoto huchuruzika akatoka kwa chini jaketi likabaki linaelea.

Jaribio ni jepesi: mvishe, funga kila kitu, kisha nyanyua mabega ya jaketi kwa nguvu. Likifika masikioni ni kubwa. Lijaribu juu ya nguo atakazovaa majini, sweta na koti, kwa kuwa saizi iliyomtosha akiwa na fulana haitafungika. Makosa ya namna hii hugunduliwa gatini asubuhi ya kwanza, dukani kumefungwa na duka liko kilomita 40.

Nguo zenyewe: pamba ibaki kijumbani. Ikilowa haimpi mtu joto na haikauki. Sufu au nyuzi za sintetiki mwilini, sweta juu, koti la kuzuia upepo na mvua mwisho. Mtoto anayekaa tu bila kupiga kafi hupata baridi nusu saa kabla ya wewe unayetoka jasho, kwa hiyo mvishe tabaka moja zaidi yako na umwekee kipande cha sponji ngumu cha sentimita 2 chini ya makalio. Sakafu ya mtumbwi imegusana na maji moja kwa moja. Akianza kushindwa kufunga zipu, akakaa kimya au akaongea kwa kuburura maneno, nchi kavu mara moja: nguo kavu, kitu cha moto na kitamu cha kunywa kutoka kwenye chupa ya chai. Kila mtu awe na seti moja kamili ya nguo ndani ya mfuko usiopitisha maji, na mdomo wa mfuko ukunjwe mara tatu kabla ya kufunga klipu. Ukikunjwa mara moja huvuja, na hili halijaandikwa popote kwenye mfuko wenyewe.

Mitumbwi inayokodishwa, mmoja mmoja

Familia ya watu wanne inahitaji mtumbwi wa mita 4.9 hadi 5.2, mpana, wenye chini bapa kiasi. Ule wa mita 4.3 unaoitwa "wa familia" ni wa mtu mzima mmoja na mtoto, au wawili wasio na mizigo. Piga hesabu: watu wazima wawili kilo 150, watoto wawili kilo 60, mizigo ya siku kilo 20. Ni kilo 230 tayari. Tarakimu ya uwezo iliyobandikwa ubavuni ni ya juu kabisa ya kuelea, na sisi hatupakii zaidi ya theluthi mbili zake. Kipimo cha macho ni hiki: mkiwa mmekaa wote, ubavu ubaki angalau sentimita 15 juu ya maji pale ulipo chini zaidi, yaani katikati.

Polietilini, aina ya plastiki, ndiyo mtakayopewa mara nyingi. Ni nzito, kilo 40 hivi au zaidi kwa urefu huo, na chini yake hubonyea ikianikwa juani ikiwa imefungwa kwa kukazwa mno. Lakini haijali mawe, haipigi kelele, na mtoto akiiburuta mchangani hakuna anayezimia. Kwa kijumba cha ufukweni, ambapo mtumbwi unavutwa mita tano tu, uzito haujalishi. Tunaipa alama za juu kwa kazi hii.

Alumini ni mitumbwi mikongwe isiyokufa. Kampuni ya ndege ya Grumman ilianza kuitengeneza Vita vya Pili vya Dunia vilipokwisha, na ya miongo mingi iliyopita bado inakodishwa. Msimu wa kiangazi hatuna ugomvi nayo. Msimu huu inanyonya joto kutoka magotini na makalioni, na kila kafi linapogonga ubavu ziwa zima linasikia. Ikiwa ndiyo iliyopo, ongeza sponji.

Royalex, ile plastiki ya tabaka iliyopendwa na wengi, ilikoma kutengenezwa mwaka 2014. Ukikutana nayo kwa mkodishaji basi ina zaidi ya miaka kumi: angalia omo (ncha ya mbele) na tezi (ncha ya nyuma), maana huko ndiko huchakaa kwa kuburutwa mpaka tabaka la ndani likaonekana. Mrithi wake, T-Formex ya kampuni ya Esquif ya Kanada, ni mwepesi kuliko polietilini na mgumu vilevile. Mkodishaji mwenye T-Formex kwa kawaida anazitunza mali zake.

Faiba na Kevlar, nyuzi nyepesi na imara, ni kwa wanaobeba mtumbwi mabegani kutoka ziwa hadi ziwa. Wa Kevlar wa mita 5.2 unaweza kuwa na kilo 20 na kitu, na kuunyanyua ni raha tupu. Lakini ni mwepesi kwa upepo pia, hasa ukiwa mtupu, na amana yake humfanya baba ashinde akiwafokea watoto kila wakikaribia jiwe. Hiyo si likizo.

Mitumbwi ya kujaza upepo hatuipendekezi kwa msimu huu. Imekaa juu ya maji, upepo unaichukua, na usiku wa baridi hewa ndani hunywea. Asubuhi unaikuta imelegea na unadhani imetoboka.

Kagua kabla ya kusaini. Upindue mtumbwi uangalie nyufa, tikisa mabao ya kukalia (nati zilizolegea ni ugonjwa wa kawaida mwishoni mwa msimu, kwa kuwa zimekaliwa tangu Mei), pitisha kidole kwenye ukingo wa ubavu kutafuta palipomeguka. Kuwe na kamba ya mita 5 hivi omo na nyingine tezi, chombo cha kutolea maji yaliyoingia kilichofungwa kwa kamba, na filimbi kwenye kila jaketi. Piga picha mikwaruzo yote. Makafi yawe moja zaidi ya idadi ya wapigaji. Kafi likichukuliwa na maji, la akiba ndilo linalowarudisha. Dai yenye mpini wa mbao: mpini wa alumini kwenye hewa ya nyuzi 4 hutia vidole ganzi hata ndani ya glavu. Urefu wa kafi, ukiwa umekaa kitini, usimamishe mpini juu ya bao mbele yako: mwanzo wa bapa ufike usawa wa macho hivi, na bapa lote liwe juu ya hapo. Mtoto apewe la kwake dogo na jepesi. Hatausukuma mtumbwi, lakini hatajiegemeza nje kutafuta la kwako.

Kukaa kwenyewe kuna mpangilio. Mwenye ujuzi tezi, maana ndiye anayeshika uelekeo. Mtu mzima wa pili omo. Watoto sakafuni katikati, mizigo chini na karibu na katikati. Tezi iwe chini kidogo tu kuliko omo. Omo ikinyanyuka sana upepo huishika na kuugeuza mtumbwi mzima, na hili huwapata zaidi wazazi wanaotoka mmoja na mtoto mdogo. Dawa yake ni mzazi kupiga magoti karibu na katikati. Mawimbi yakianza, wote wapige magoti. Uzito ukishuka sentimita ishirini mtumbwi hutulia pale pale.

Upepo wa kilomita 12 hadi 19 kwa saa huonyesha povu jeupe hapa na pale kwenye vilele vya mawimbi. Hiyo ndiyo alama ya kurudi. Povu likitapakaa umeshachelewa. Fuateni ukingo, mita 50 kutoka nchi kavu, na msikate ziwa katikati hata kama njia inakuwa fupi kwa nusu: kuingia tena kwenye mtumbwi uliopinduka bila mtumbwi wa pili wa kusaidia ni kazi ngumu hata kwa waliofanya mazoezi kwenye maji ya moto. Ukipinduka karibu na ukingo, wote washike mtumbwi, mpige miguu mpaka mguse chini. Anzeni safari kwa kwenda dhidi ya upepo, ili uwarudishe mkiwa mmechoka.

Hapa ndipo ramani inapokuwa na thamani kuliko picha za tangazo. Uliza upepo wa msimu hutoka wapi, kisha tafuta kijumba kilicho upande wa joshi wa ziwa, yaani ule upepo unakotokea. Maji ya mbele yake hukingwa na miti na huwa shwari zaidi. Kilicho ng'ambo, upepo unakoelekea, hupata machweo mazuri na mawimbi yanayoupigisha mtumbwi gatini usiku kucha. Ziwa dogo, la upana wa kilomita moja au chini, ni bora kuliko kubwa. Matangazo husifu ukubwa wa ziwa. Sisi tunaukatia alama.

Kijumba

Maswali ya kitanda, godoro na idadi ya vyumba utayajibu mwenyewe. Tunaomba uulize yale ambayo mwenye kijumba hatayasema mpaka aulizwe.

Kwanza kuni. "Kuni zimejumuishwa" mara nyingi maana yake ni tita moja la kilo 8 au 10. Jiko dogo la chuma hula kilo 2 hivi kwa saa likiwa linapasha moto sawasawa. Tita hilo ni saa nne au tano. Kwa kukaa jioni na asubuhi, saa kumi kwa siku, unahitaji kilo 20, na kwa usiku tatu kilo 60. Agiza mapema kwa mwenye kijumba, na usizitoe kwenu: kuni husafirisha wadudu waharibifu wa miti, na katika maeneo mengi kuzihamisha kumepigwa marufuku. Unyevu wa kuni uwe chini ya asilimia 20. Bila kipimo, gonga vipande viwili: vikavu hulia kwa mlio mkali, vibichi hudunda tu. Ncha ziwe na nyufa. Kuni mbichi hutumia joto lake kukausha maji yake zenyewe, na masizi yake hukaa ndani ya bomba la moshi yakisubiri kuwaka.

Jiko lililolala siku kadhaa lina bomba lililojaa hewa baridi, nzito, na moshi wa kwanza hurudi chumbani. Fungua njia ya hewa yote, acha dirisha wazi kidogo, washa karatasi moja iliyosokotwa karibu kabisa na mdomo wa bomba mpaka usikie hewa inavuta. Kisha panga magogo mawili makubwa chini, membamba juu yake, vijiti na kiberiti juu kabisa. Moto unaoshuka kutoka juu hutoa moshi mchache kuliko uliowashwa kwa chini. Usiku usizibe hewa ili "moto ulale". Hapo ndipo kaboni monoksidi huzaliwa. Kijumba kisicho na king'ora cha gesi hiyo tunakitoa kwenye orodha, na hata kikiwa nacho, beba cha kwako chenye betri mpya. Jiko la gesi la kambi na makaa ya nyama choma yasitumike kupasha chumba joto, hata kwa dakika kumi. Majivu yawekwe kwenye ndoo ya chuma yenye kifuniko, nje, mbali na ukuta. Makaa yaliyofunikwa na majivu huweza kubaki hai kwa siku kadhaa.

La pili ni maji. Wenye vijumba hufunga na kuyamwaga maji ya bomba kabla baridi haijapasua mabomba, na wengi hufanya hivyo katikati ya msimu huuhuu bila kubadilisha tangazo. Unafika, bomba halitoki, na choo cha ndani hakifanyi kazi. Uliza tarehe kamili ya kufunga. Yakiwa yamefungwa, mtatumia ya ziwa: yachemshe yatokote kwa dakika 1, au dakika 3 mkiwa juu ya mita 2,000. Chujio la nyuzi tupu za plastiki, lile dogo linalobebwa mfukoni, likishatumika likaganda usiku huharibika ndani bila kuonyesha dalili. Maji yatapita kama kawaida, pamoja na vijidudu. Lilaze ndani ya begi la kulalia.

Gesi nayo ina hila zake. Butani tupu huacha kugeuka mvuke kwenye nyuzi 0 hivi, kwa hiyo mkebe wa bei nafuu uliolala kibarazani hautawaka asubuhi ingawa umejaa. Nunua mchanganyiko wenye propani na isobutani.

Panya huhamia ndani baridi ikianza, na kijumba chenye panya wawili hakimaanishi kuwa ni kichafu. Chakula chote kiwe kwenye makopo au ndoo yenye kifuniko. Ukikuta kinyesi chao, usifagie kikavu: vumbi lake linaweza kubeba virusi vya hanta. Fungua madirisha kwa nusu saa, mwagia dawa ya kuulia vijidudu, subiri dakika 5, futa kwa karatasi ukiwa na glavu. Mkodishaji anayekujibu kwa utulivu kuhusu panya ni wa kuaminika kuliko anayeapa hakuna.

Kuna jambo moja ambalo familia za mjini hulisahau kabisa: katika nchi nyingi huu pia ni msimu wa kuwinda. Uliza kama msitu unaozunguka unaruhusiwa wawindaji na siku gani. Vizibao vya rangi ya chungwa inayong'aa kwa kila mtu, mbwa pia, hata kwa matembezi ya kwenda kuokota majani.

Ukichagua kubeba mtumbwi kwa gari

Hapa tunarudi kwenye aina ya pili. Inafaa ikiwa kijumba kizuri hakina mtumbwi, au kina mbovu. Keria iwe na vyuma viwili vilivyoachana kadiri paa linavyoruhusu. Mtumbwi hulazwa kifudifudi, mkanda mmoja kila chuma ukizunguka tumbo lake, na mkanda uzungushwe nusu mzunguko kila upande kabla ya kukazwa. Usipozungushwa upepo huupigisha mlio wa kuudhi kilomita zote. Kisha kamba ya omo hadi mbele ya gari na ya tezi hadi nyuma, zote mbili, si moja. Kamba za omo ndizo zinazozuia upepo wa lori linalopishana nanyi kuunyanyua mtumbwi. Nailoni ikilowa hurefuka, hivyo tumia polyesta, na simama baada ya kilomita 10 hadi 15 ukaze tena. Kufunga huku kunakula dakika 30 kwa watu wawili mara ya kwanza, na kufungua gizani kwenye mvua kunakula uvumilivu.

Masharti ya malipo

Karibu kila mkodishaji hurudisha fedha kwa sababu ya "hali mbaya ya hewa", na karibu wote wanamaanisha dhoruba iliyotangazwa rasmi. Upepo wa kilomita 30 kwa saa chini ya anga ya bluu haumo, nao ndio utakaowazuia. Wale tunaowapa alama za juu wana kifungu cha upepo: siku ambayo wao wenyewe wanasema msitoke, ada ya mtumbwi ya siku hiyo inarudi au inahamishwa. Wapo, ila hawatangazi, uliza. Uliza pia saa ya kurudisha mtumbwi siku ya mwisho. Ikiwa ni saa tatu asubuhi, umelipia siku ambayo huwezi kuitumia, kwa kuwa ukungu bado haujainuka. Omba saa saba mchana. Msimu huu hakuna mteja anayefuata anayeusubiri mtumbwi huo, na mara nyingi watakubali.

Kwa usiku: mbili hazitoshi. Siku ya kwanza ni safari, kuwasha jiko na kutafuta kilikowekwa kila kitu. Ya mwisho ni kusafisha na kufunga. Ukilala mara mbili unabaki na siku moja ya maji, na siku hiyo ikiwa ya upepo hamtagusa kafi. Lala tatu uwe na mbili. Nne ni bora kwa wenye watoto wadogo, na bei ya usiku wa nne katikati ya wiki huwa ndogo kiasi cha kushangaza ukiiomba kwa simu badala ya kuibofya kwenye tovuti.